WAKILI WA MJI MDOGO

Hotuba kwa wajumbe wa Tume ya Haki na Amani na viongozi wa walei wa parokia





Barua yenu iliniomba nizungumze juu ya mlei aliyeitumikia haki katika kazi yake ya kila siku. Katibu wenu aliponiletea barua hiyo aliongeza neno ambalo halikuandikwa. Alisema, "Padre, safari hii usituletee mtakatifu. Tuletee mtu mwenye mke, watoto na ada za shule." Ombi hilo nimelipenda, na nimejitahidi kulitii. Mtu niliyemchagua hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mmethodisti. Hakuwa Mwafrika, alikuwa mzungu wa kusini mwa Marekani, mwana wa askari aliyepigana upande wa majimbo yaliyotaka utumwa udumu. Katika kesi yake nzito kuliko zote alishindwa. Tena kuna wakati alimkemea mchungaji wake kwa sababu ya mahubiri juu ya haki. Ni hasa kwa ajili ya jambo hili la mwisho nimeona anafaa kuzungumzwa mbele yenu.

Jina lake ni Amasa Coleman Lee. Wengi wenu hamjapata kulisikia, lakini huenda baadhi yenu mmekutana naye kwa jina lingine. Binti yake wa mwisho, Harper Lee, aliandika riwaya iitwayo To Kill a Mockingbird, iliyotolewa mwaka 1960, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata na kuuzwa nakala zaidi ya milioni arobaini. Ndani yake yumo wakili mmoja, mjane mwenye watoto wawili, aitwaye Atticus Finch, anayemtetea mtu mweusi aliyesingiziwa kumnajisi mwanamke mzungu. Mimi nilikisoma kitabu hicho seminarini. Aliniazima mwalimu wetu mmoja mzee, nakala iliyokwisha kupoteza jalada, akaniambia nisome kama ninayesoma maisha ya mtu. Nilifanya hivyo kwa miaka mingi, nikamhubiri Atticus Finch kana kwamba aliwahi kubatizwa. Baadaye ndipo nilipojifunza habari za baba halisi aliyesimama nyuma ya Atticus, nikaona kwamba habari zake ni ngumu zaidi, na kwamba zinatuhusu zaidi.

Alizaliwa mwaka 1880 huko Georgiana, katika jimbo la Alabama, akakulia kaskazini mwa Florida. Chuo kikuu hakukiona. Akiwa kijana mdogo alifaulu mtihani wa ualimu, akafundisha miaka michache, kisha akawa karani wa hesabu katika biashara ya mbao. Mwaka 1910 alimwoa Frances Finch, na mwaka 1912 wakahamia Monroeville, mji mdogo ambao ni makao makuu ya wilaya ya Monroe, huko huko Alabama. Aliajiriwa kutunza mambo ya fedha ya ofisi moja ya mawakili. Huku akihesabu fedha za wengine alijisomea sheria, na mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, mwenye mke na mtoto, akapokewa kuwa wakili.

Nawaomba mtazame mji huo kidogo, maana wakili wa mji mdogo hafanani na wakili wa jiji. Monroeville ilikuwa na watu elfu moja na ushee. Katikati lilikuwapo jengo la mahakama lenye kuba na saa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, na maduka yakiizunguka mahakama hiyo pande zote. Katika mji wa namna hiyo wakili anajua shamba la nani limepakana na la nani, nani ana deni na nani anamdai, na mzee gani amekufa bila wosia. Anayemshinda mahakamani leo asubuhi atakaa naye benchi moja kanisani siku ya Jumapili. Hana mahali pa kujificha. Kwa hiyo kila neno lake la ujasiri lina gharama inayojulikana tangu kabla halijatamkwa, na kila ukimya wake una faida inayojulikana vilevile. Ninyi mnaoishi katika mji wetu huu hamhitaji niwaeleze zaidi.

Frances na Amasa walijaliwa watoto wanne: Alice, Louise, Edwin na Nelle Harper, ambaye alizaliwa mwaka 1926. Mama wa watoto hao alisumbuliwa kwa miaka mingi na maradhi ya neva, na malezi mengi ya mtoto wa mwisho yakamwangukia baba. Alikuwa mtu wa suti na tai, mwenye saa ya mfukoni, asiyepaza sauti. Harper Lee aliandika uzeeni kwamba alijua kusoma kabla ya kuanza shule, kwa kuwa kila mtu nyumbani alimsomea. Na fungu la baba lilikuwa magazeti, maana kila jioni aliyamaliza magazeti manne na kumsomea mtoto yaliyomo. Fikirini: mtoto mdogo amepakatwa na baba, anasikia habari za bunge na za mahakama badala ya hadithi za sungura! Baba huyo alitoka kazini amechoka kama mnavyochoka ninyi. Hata hivyo hakuona kwamba kuzungumza na mtoto wa kike juu ya mambo ya nchi ni kupoteza wakati. Alice alisomea sheria, akapokewa kuwa wakili mwaka 1943, akaingia katika ofisi ya baba yake wakati ambapo mawakili wanawake katika jimbo lile walikuwa wachache mno. Nelle naye alianza masomo ya sheria, akayaacha kabla ya kuhitimu ili aende New York kuandika. Baba hakufurahi, lakini mlango wa nyumba haukufungwa.

Niongeze neno moja, maana akina baba wakisikia sifa za familia huwa wanaridhika upesi. Katika nyumba hiyo alifanya kazi mwanamke mweusi, akipika na kulea. Chini ya katiba ya Alabama ya mwaka 1901 mwanamke huyo, na mumewe, na kaka zake, waliwekewa vizuizi kadha wa kadha ili wasiweze kupiga kura. Palikuwa na mtihani wa kusoma na kuandika, na palikuwa na kodi ya kura ya dola moja na nusu kila mwaka, ambayo asiyelipa ilirundikana juu yake mwaka hata mwaka. Wala watu weusi, kwa desturi, hawakuitwa katika lile baraza la raia kumi na wawili wanaoamua mahakamani kama mshtakiwa ana hatia. Hivyo mtu mweusi alihukumiwa na wazungu watupu. Amani ya nyumba ile ilikaa juu ya msingi huo. Mwenye msichana wa kazi nyumbani kwake na ajiulize msichana huyo analala wapi na analipwa nini. Mimi naendelea.

Sasa nafika kwenye kesi. Mwaka 1919, akiwa wakili wa miaka minne tu, Lee aliteuliwa na mahakama kuwatetea watu wawili weusi, Frank na Brown Ezell, baba na mwana, walioshtakiwa kwa kumuua mzungu mwenye duka. Hapa kwetu pia mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo hupewa wakili na mahakama, nanyi mnajua kwamba mteja wa namna hiyo mara nyingi hukutana na wakili wake siku ya kesi ikiwa imekaribia, na kwamba malipo yake hayamvutii mtu. Lee aliwatetea. Wote wawili walipatikana na hatia, wakanyongwa.

Inasimuliwa kwamba tangu siku hiyo hakuchukua tena kesi ya jinai. Alirudi kwenye hati za ardhi, wosia, mirathi, mikataba na kodi, akaifanya kazi hiyo kwa uaminifu zaidi ya miaka arobaini.

Jambo hili nimelitafakari sana, na sijafikia mwisho wake. Upande mmoja naona mtu aliyejeruhiwa. Aliwaona baba na mwanawe wakienda kufa, naye alikuwa ndiye sauti pekee waliyopewa, na sauti hiyo haikutosha. Ni nani kati yetu angelala usingizi? Upande mwingine nauliza: wakili mwaminifu akijiondoa, nani atabaki na mshtakiwa anayefuata? Wale walioshtakiwa katika wilaya ya Monroe baada ya mwaka 1919 hawakuacha kuhitaji wakili kwa sababu Bwana Lee aliumia moyoni. Sisemi hivi ili kumhukumu. Nasema kwa sababu nimewaona wajumbe wa tume kama hii wakifuatilia shauri moja kwa bidii, wakishindwa, wakitukanwa, kisha wakiomba wahamishiwe kwenye kamati ya maua. Kamati ya maua ni kazi njema. Lakini mahabusu wanabaki palepale.

Hata hivyo, Lee hakuuacha uwanja wa umma. Aliingia katika bunge la jimbo mwaka 1926, akadumu humo hadi mwaka 1938, na kuanzia mwaka 1929 hadi 1947 alikuwa mhariri wa gazeti la mji, The Monroe Journal. Gazetini aliandika dhidi ya umati wa watu kujichukulia sheria mkononi, na hilo halikuwa jambo dogo mahali na wakati ambapo watu weusi walitolewa mahabusu usiku na kuuawa kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu. Ni katika miaka hiyo, mwaka 1933, mtu mweusi aitwaye Walter Lett alishtakiwa katika wilaya hiyo kwa kumnajisi mwanamke mzungu. Mwaka 1934 akahukumiwa kifo. Baadhi ya raia wa mahali pale walikuwa na shaka juu ya ushahidi, wakamwandikia gavana, na gavana akabadili adhabu kuwa kifungo cha maisha. Lakini Lett alikuwa amekwisha kuvunjika akili akisubiri kuuawa. Alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafariki mwaka 1937. Binti wa mhariri alikuwa mtoto wa miaka saba hukumu ile ilipotolewa. Tuliokisoma kitabu chake tunaweza kukisia kwamba hakuisahau.

Ndipo tunafika kwenye mwaka 1951 na miaka iliyofuata, na hapa naomba usikivu wenu kuliko mahali pengine popote.

Katika kanisa la Kimethodisti la Monroeville alikuja mchungaji kijana, Ray Whatley. Alihubiri kwamba watu wote ni wana wa Mungu mmoja, na hakuishia hapo kama tunavyoishia wengi; alisema maana yake ni nini katika ujira, katika shule, katika mahusiano ya weupe na weusi. Waamini wakanung'unika. Bwana Lee alikuwa kiongozi katika kanisa lile, mzee wa miaka sabini na ushee, mheshimiwa, wakili, mbunge wa zamani. Ndiye aliyemwendea mchungaji na kumtaka aachane na habari za haki za kijamii, arudi kwenye Injili. Kabla ya mwaka 1953 kwisha mchungaji akahamishwa.

Yule wakili ndiye huyu. Ndiye aliyewatetea akina Ezell, ndiye aliyeandika dhidi ya umati, ndiye aliyempakata mtoto na kumsomea magazeti. Hakuwa mnafiki. Aliamini kwa dhati kwamba sheria ni sheria, kwamba kila mtu anastahili kutetewa mahakamani, kwamba mtu mweusi asionewe wala asipigwe. Na aliamini kwa dhati ileile kwamba weupe na weusi wanapaswa kuishi mbalimbali, na kwamba madhabahu si mahali pa kulihoji jambo hilo. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja mwema kwa muda wa maisha karibu yote. Kitabu kingine cha binti yake, Go Set a Watchman, alichokuwa ameandika kabla ya kile cha kwanza lakini kikatolewa mwaka 2015, kinamwonyesha baba huyo akikaa katika kikao cha watetezi wa ubaguzi. Wasomaji wengi duniani walilia kana kwamba wamefiwa. Mimi sikulia. Nilimtambua.

Nilimtambua kwa sababu nimewahi kuwa upande wa pili wa mazungumzo hayo. Katika parokia yangu ya kwanza, mwaka wa pili wa upadre wangu, nilihubiri juu ya wajane wanaofukuzwa katika mashamba ya waume zao. Nilikuwa na mjane mmoja moyoni, na watu walijua ni nani. Baada ya Misa alinijia mlei mmoja, mtu mwenye ukarimu mkubwa kwa kanisa, baba wa watoto wenye adabu, mtu ambaye hakuwahi kuninyima chochote. Akaniambia kwa upole, "Baba, sisi wanao tunaomba utuhubirie Injili. Haya mengine yana wenyewe." Shemeji wa yule mjane alikuwa rafiki yake. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya utulivu wa roho. Mjane alikuwa amekaa benchi la tatu upande wa kushoto. Hakuninung'unikia, wala hakuacha kuja kanisani. Ila hakuniletea tena shida yake. Nami sikwenda kumwuliza.

Kwa hiyo nisimhukumu Bwana Lee peke yake. Mchungaji Whatley alikuwa na moyo ambao mimi sikuwa nao, na alilipa gharama yake. Alipohamia Montgomery aliendelea vilevile, akashirikiana huko na kijana mmoja mchungaji wa Kibaptisti, Martin Luther King, katika baraza la mahusiano ya kibinadamu. Na baada ya mgomo wa mabasi ulioanza Desemba 1955, akahamishwa tena. Ninyi viongozi wa walei mna nguvu kuliko mnavyofikiri. Padre huweza kuhubiri lolote mara moja. Ikiwa atalihubiri mara ya pili, kwa kiasi kikubwa inategemea anayesimama mlangoni baada ya Misa atamwambia nini. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilifundisha kwamba kutenda kwa ajili ya haki ni sehemu ya kuhubiri Injili yenyewe, si kiungo cha kuongezea ladha. Tumeyasoma hayo. Lakini siku ile katika parokia yangu ya kwanza sikuyakumbuka, wala hakuna mlei aliyenikumbusha.

Mwaka ule wa 1951 ulimwangukia mzee Lee kwa njia nyingine pia. Mwezi wa Juni mkewe alifariki. Wiki chache baadaye Edwin, mwanawe wa pekee, aliyekuwa katika jeshi la anga, alikufa ghafla usingizini kwa kupasuka mshipa wa damu kichwani, akiwa na umri wa miaka thelathini tu, akaacha mke na watoto wadogo. Mzee aliihama nyumba aliyolelea watoto wake. Mahali pale leo kuna kibanda cha kuuzia aiskrimu. Alice ndiye aliyekaa naye. Asubuhi walikwenda ofisini pamoja, baba na binti.

Waliomfahamu wanashuhudia kwamba katika miaka yake ya mwisho mawazo yake yalianza kugeuka. Alikuwa ameziona ghasia za watu waliopinga hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 juu ya shule, akazichukia kama alivyouchukia umati tangu zamani. Na kabla ya kufa alisema wazi kwamba haki ya kura kwa watu weusi lazima ije. Waandishi wa historia hawapimi kwa kipimo kimoja ni umbali gani hasa aliokwenda. Mimi naona yatosha kusema kwamba mzee wa miaka themanini alisogea. Ninyi mmekaa na wazee wa miaka themanini. Mnajua kusogea kwao kunavyohesabiwa.

Lakini jambo linaloniburudisha zaidi lilitokea baada yake. Katikati ya miaka ya 1960, mkutano wa Wamethodisti wa Alabama na magharibi ya Florida ulipokea taarifa juu ya mahusiano ya rangi. Watetezi wa ubaguzi walikuwa wamejiandaa kwa hotuba ndefu za kuipinga. Kabla hawajaanza, mwanamke mmoja mfupi, mwembamba, aliyekuwa mzito wa kusikia, alisimama, akatoa hoja ya kanuni kwamba mjadala ufungwe na kura ipigwe mara moja, akaketi. Hoja ikapita, na taarifa ikapita. Mwanamke huyo alikuwa Alice Lee, wakili, binti wa mzee aliyemkemea mchungaji. Kanuni za mikutano alizijua kwa sababu alilelewa na mbunge na kufunzwa kazi na wakili mwenye uangalifu. Alichopewa na baba alikitumia mahali ambapo baba hakufika. Aliendelea na uwakili hadi umri wa karibu miaka mia moja, akafariki mwaka 2014 akiwa na miaka 103.

Amasa Lee mwenyewe alifariki tarehe 15 Aprili 1962, akiwa na umri wa miaka 81. Miezi michache kabla, mwigizaji Gregory Peck alikuwa amefika Monroeville kumwona, ili ajifunze namna ya kumwigiza katika filamu. Filamu ilitoka mwezi wa Desemba mwaka huohuo, mzee hakuiona. Siku Peck alipopewa tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo, mwaka 1963, alikuwa ameshika mkononi saa ya mfukoni ya wakili yule, aliyopewa na Harper Lee.

Ningeweza kuishia kwenye saa hiyo, na ingekuwa picha nzuri ya ukutani. Lakini mlisema hamtaki picha za ukutani.

Mji wa Monroeville unamkumbuka sana wakili wake. Jengo la mahakama ya zamani sasa ni makumbusho, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wenyeji huigiza kila mwaka ile kesi ya kitabuni, na wageni hutoka mbali kuja kulia kwa ajili ya mtu mweusi asiye na hatia. Mwaka 1986 mwanamke kijana mzungu aliuawa katika mji huohuo. Mwaka 1987 alikamatwa Walter McMillian, mtu mweusi, mpasua magogo. Asubuhi ya mauaji alikuwa nyumbani kwake, ambako jamaa zake walikuwa wakikaanga na kuuza samaki ili kuchangia kanisa lao, na watu wengi walimwona huko. Aliwekwa gerezani pamoja na waliokwisha kuhukumiwa kifo hata kabla kesi yake haijasikilizwa. Kesi ilisikilizwa kwa siku moja na nusu hivi, wazungu kumi na mmoja na mweusi mmoja katika baraza la waamuzi. Baraza lilipendekeza kifungo cha maisha. Jaji akalipuuza, akatoa hukumu ya kifo. McMillian aliachiwa huru mwezi wa Machi 1993, baada ya wakili Bryan Stevenson kuonyesha kwamba shahidi mkuu alisema uongo na kwamba ushahidi wa kumwokoa ulifichwa. Hivyo katika miaka ya kwanza ya maigizo yale, watu walipokuwa wakimlilia mshtakiwa wa kitabuni ndani ya ukumbi wa mahakama, jirani yao alikuwa katika chumba cha kungoja kifo. Stevenson amesimulia jinsi watu wa mji ule walivyomtajia kitabu chao kwa fahari alipofika kufuatilia shauri hilo.

Mpendwa mmoja ataniuliza: Padre, basi mzee Lee tumkumbuke au tusimkumbuke? Mimi namkumbuka. Katika Misa ninapowaombea marehemu namtaja kimoyomoyo, yeye pamoja na Frank na Brown Ezell, maana sioni namna ya kumtaja yeye bila kuwataja wao. Namwombea pia yule mlei mkarimu wa parokia yangu ya kwanza, ambaye amekwisha kutangulia. Mjane bado yu hai. Mwaka jana nilimtembelea, baada ya miaka mingi. Anaishi kwa kaka yake. Shamba lilikwisha kuuzwa.

Ndugu zangu, muda wangu umekwisha, na chai iko tayari. Katibu amenikabidhi karatasi yenye mashauri matatu yaliyoletwa kutoka katika jumuiya: vijana wawili walioko mahabusu ambao ndugu zao hawajui tarehe ya kesi, mfanyakazi wa ndani asiyelipwa kwa miezi saba, na mama mmoja wa kanda ya juu, aliyefiwa na mumewe mwezi wa Februari, ambaye mawe ya mpaka wa shamba lake yamehamishwa usiku. Wasaidizi wetu wawili wa kisheria, wale waliopata mafunzo na kuandikishwa kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wako hapa nasi. Naona majina ya jamaa wa baadhi yetu katika karatasi hii, hata la mtu anayetusaidia sana katika ujenzi wa nyumba ya masista. Naomba turudi kila mtu na kiti chake baada ya nusu saa. Tutaanza na shauri la yule mama.